Dawa ya Sayanaidi Ipo, Lakini Ipo Wapi?

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wafamasia, wauguzi na wasimamizi wa usalama wa mitambo ya kuchenjulia dhahabu wa Kanda ya Ziwa. Naiweka kamili kwa ajili ya wenzetu ambao kazi ziliwazuia kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa mwenyekiti, ndugu wafamasia, matabibu na wauguzi, ndugu zangu mnaosimamia usalama kwenye mitambo ya uchenjuaji, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna dawa za kutibu sumu ya sayanaidi zilivyobuniwa na zinavyoendelea kubuniwa hadi leo. Najua wengi wenu mmekuja na kalamu mkitarajia orodha ya dawa na vipimo vyake. Vipimo nitavitaja, ila kuna swali moja ambalo naomba tulishike tangu sasa: dawa ikishapatikana maabara, inamfikiaje mtu aliyebakiwa na dakika chache za kuishi? Kwa sumu hii, ndugu zangu, dawa iliyo mbali na dawa ambayo haijagunduliwa ni mamoja.

Tuanze na sumu yenyewe, ileile inayotumika kuchenjulia dhahabu. Mtu aliyevuta gesi ya sayanaidi hakosi hewa. Mapafu yake yanavuta, damu yake imejaa oksijeni, na moyo mwanzoni unapiga kwa nguvu. Tatizo liko ndani ya seli, kwenye mitokondria, yaani sehemu ndogo zinazoizalishia seli nguvu, ambako kuna kimeng'enya kiitwacho saitokromu oksidesi. Kimeng'enya hicho kina chuma ndani yake, na hatua ya mwisho ya kutumia oksijeni hufanyika juu ya chuma hicho. Sayanaidi ikifika hapo hujishika, na kazi yote husimama. Seli hukosa nguvu, asidi ya laktiki hujaa mwilini, na viungo visivyoweza kusubiri, yaani ubongo na moyo, huzidiwa kwanza. Muuguzi anayetafuta mshipa wa mgonjwa wa namna hii anaweza kushangaa kuona damu ya vena ikitoka nyekundu ng'avu kama ya ateri. Oksijeni imezunguka mwili mzima na kurudi bila kutumiwa na yeyote.

Sasa, sumu iliyokwisha kujishika ndani ya seli unaitoaje?

Jibu la kwanza lililofanya kazi lilipatikana kwa njia ambayo hata leo inashangaza. Mwaka 1888 iliripotiwa kwamba mbwa waliopewa sayanaidi walisaidika kwa amili nitriti, dawa ya kunusa iliyokuwa ikitumiwa na wagonjwa wenye maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Miaka michache baadaye ikajulikana kwamba thiosalfeti, chumvi yenye salfa, huusaidia mwili kuigeuza sayanaidi kuwa thayosayaneti, kitu chenye madhara madogo zaidi ambacho figo hukitoa kwa mkojo. Habari hizo mbili zilikaa mbalimbali kwa muda mrefu. Aliyeziunganisha ni Ko Kuei Chen, mwanasayansi aliyezaliwa China na kufanya kazi katika kampuni ya Eli Lilly, mjini Indianapolis, Marekani. Mwaka 1933 yeye na wenzake walionyesha kwamba mbwa aliyepewa nitriti pamoja na thiosalfeti alistahimili kiasi kikubwa cha sayanaidi, kikubwa kuliko kile ambacho ungepata kwa kujumlisha tu nguvu za dawa hizo mbili.

Nitriti ilikuwa inafanya nini? Inabadilisha chuma kilichomo kwenye hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kiwe katika hali ileile ambayo sayanaidi huipenda ndani ya seli. Damu iliyobadilishwa hivyo huitwa methemoglobini, na kazi yake hapa ni ya chambo: sayanaidi huiacha seli ikakimbilia kwenye damu. Ikishanaswa huko, kimeng'enya cha rodanesi huchukua salfa kutoka kwenye thiosalfeti, huiunganisha na sayanaidi, na safari ya kuelekea kwenye mkojo huanza. Hayo ndiyo maelezo niliyofundishwa, na ndiyo wanayofundishwa wanafunzi wengi mpaka leo. Lakini baadaye watafiti waligundua kwamba wanyama hupata nafuu kabla methemoglobini haijawa nyingi kiasi cha kutosha, na wengine wanaamini kwamba nitriti inasaidia pia kwa kutoa oksidi ya nitriki. Dawa imetumika kwa miaka zaidi ya 90 na wataalamu bado wanabishana jinsi inavyofanya kazi. Mimi hilo halinisumbui sana, kwa sababu dawa nyingi tulizonazo kabatini zilianza hivyo.

Kinachonisumbua ni kingine. Methemoglobini haibebi oksijeni. Maana yake, tunamtibu mgonjwa kwa kumharibia sehemu ya damu yake, na wakati huohuo nitriti inatanua mishipa na kushusha shinikizo la damu. Kwa kijana mwenye afya aliyeanguka kando ya hodhi la kuchenjulia, hilo linavumilika. Je, kwa mtoto mwenye upungufu wa damu uliosababishwa na malaria? Je, kwa mwenye selimundu? Je, kwa mtu aliyetolewa kwenye nyumba inayoungua, ambaye damu yake tayari imejaa kaboni monoksidi, gesi ya moshi inayoizuia damu kubeba oksijeni? Huyo wa moto ukimpa nitriti, unampunguzia hata ile oksijeni kidogo aliyobaki nayo.

Na kuna ugumu mwingine: hakuna kipimo cha haraka cha kando ya kitanda kitakachokuambia kwamba huyu kapata sayanaidi na huyu hakupata. Majibu ya maabara huja wakati mgonjwa ama amepona ama amezikwa. Daktari anatibu kwa kukisia, akiangalia mazingira, asidi iliyojaa kwenye damu na hali ya mgonjwa. Uingereza na Ufaransa zilitumia kwa miaka mingi dawa yenye kobalti, dikobalti edeteti, ambayo inaishika sayanaidi kwa nguvu, lakini ukimpa mtu ambaye hana sayanaidi mwilini kobalti yenyewe inaweza kumdhuru vibaya. Wajerumani walichagua dawa iitwayo 4-DMAP, inayotengeneza methemoglobini kwa haraka kuliko nitriti, na inabeba hatari zilezile. Kwa hiyo watafiti wakajiuliza: je, ipo dawa ambayo unaweza kumpa mtu ukiwa na shaka, na ikitokea umekosea, usiwe umemuua?

Ndugu wafamasia, dawa hiyo mlikuwa nayo kabatini, katika chupa ndogo nyekundu.

Vitamini B12 ilipatikana ikiwa safi kwa mara ya kwanza mwaka 1948, na jina lake la kitaalamu, sayanokobalamini, linawaambia kwamba ndani yake kuna sayanaidi iliyofungwa kwenye kobalti. Imefungwa kiasi kwamba tunawachoma nayo wajawazito na wazee bila wasiwasi wowote. Ipo ndugu yake, hidroksokobalamini, ambayo kwenye nafasi hiyo ya sayanaidi haina sayanaidi. Ukiiingiza katika damu, inaidaka sayanaidi inayoikuta njiani, inageuka kuwa vitamini ya kawaida, na figo huitoa. Mwaka 1952 watafiti wa kampuni ya Merck walionyesha kwamba panya waliopewa sayanaidi waliokolewa nayo. Haigusi hemoglobini. Haishushi shinikizo la damu, na mara nyingi hulipandisha, jambo ambalo kwa mgonjwa wa namna hii ni la heri.

Basi kwa nini haikusambaa mwaka 1953? Fanyeni hesabu pamoja nami. Molekuli moja ya hidroksokobalamini hushika molekuli moja tu ya sayanaidi, na uzito wake ni karibu mara 50 ya uzito wa sayanaidi inayoishika. Ili kushika miligramu 100 za sayanaidi unahitaji takriban gramu 5 za dawa. Ampuli ya hidroksokobalamini tunayoitumia kutibu upungufu wa damu ina miligramu 1. Nani atavunja ampuli 5,000 mgonjwa akiwa sakafuni? Kanuni ilijulikana kwa miongo kadhaa. Kilichokosekana ni namna ya kutengeneza dawa nyingi, safi, ya unga, inayoyeyuka upesi na kuingia kwa dripu. Ninasisitiza hili kwa sababu tukisikia neno ugunduzi tunamfikiria mtu mmoja na darubini yake, ilhali kazi kubwa mara nyingi humwangukia mfamasia wa kiwandani ambaye jina lake halitajwi popote.

Waliolivusha jambo hili ni Wafaransa, na waliongozwa na moto. Mjini Paris, daktari hupanda gari pamoja na kikosi cha zimamoto. Daktari Frédéric Baud na wenzake walichukua damu za watu waliotolewa kwenye nyumba zilizoungua, zikiwa zimechukuliwa palepale tukioni, na mwaka 1991 walichapisha matokeo yaliyobadilisha mawazo ya wengi: waathirika wa moshi walikuwa na sayanaidi katika damu, na waliokufa walikuwa nayo nyingi zaidi. Ilikuwa imetoka wapi? Sufu, hariri, nailoni, na zaidi ya vyote poliyurethani, yaani lile povu la magodoro na makochi yetu, vikiungua hutoa gesi ya sayanaidi. Hidroksokobalamini ya gramu 5 ilipata kibali Ufaransa mwaka 1996, na Marekani Desemba 2006.

Hapa niseme kidogo juu ya kibali cha Marekani, kwa sababu kuna jambo la maadili ndani yake. Dawa ya kawaida hujaribiwa kwa watu, nusu wakipewa dawa na nusu wakipewa maji. Nani kati yetu atampa mtu sayanaidi ili aone kama dawa inafanya kazi? Haiwezekani, na isiwezekane kamwe. Mwaka 2002 Wamarekani waliweka kanuni inayoruhusu dawa ya namna hii ikubaliwe kwa ushahidi wa wanyama, ilimradi usalama wake uwe umepimwa kwa watu wenye afya. Katika utafiti mmoja wa mbwa, kati ya wale ambao hawakupewa dawa walipona asilimia 18, waliopewa kipimo cha chini walipona asilimia 79, na waliopewa kipimo cha juu walipona wote. Takwimu hizo zimebeba maumivu ya wanyama, nasi tunaozinukuu tusijifanye hatulijui.

Muuguzi atakayeitumia dawa hii ajue jambo moja kabla halijamtisha. Ni nyekundu iliyokoza kama maji ya rozela. Mgonjwa atageuka mwekundu ngozi nzima, mkojo utakuwa mwekundu kwa siku nyingi, na vipimo vya maabara vinavyosomwa kwa rangi vitatoa majibu ya ajabu. Mashine ya kusafisha damu inaweza hata kupiga kengele ikidhani kuna damu inayovuja. Kwa hiyo damu ya vipimo ichukuliwe kwanza kama inawezekana, lakini dawa isicheleweshwe kwa sababu ya vipimo.

Je, kibali kilimaliza tatizo? Tarehe 27 Januari 2013, huko Santa Maria, kusini mwa Brazil, bendi iliwasha fataki ndani ya ukumbi wa starehe uitwao Kiss. Povu la kuzuia sauti lililokuwa darini likashika moto. Walikufa watu 242, wengi wao wanafunzi, na wengi kwa moshi kuliko kwa kuungua. Dawa ilikuwa imeshatumika Ufaransa kwa miaka 17. Brazil, nchi kubwa yenye viwanda vyake vya dawa, ililazimika kuipata kwa msaada kutoka Marekani baada ya maafa kutokea. Dawa ya sumu inayoua kwa dakika ilifika kwa siku.

Ndiyo maana watafiti wa leo hawatafuti tu dawa yenye nguvu zaidi. Wanatafuta dawa inayoweza kuchomwa msulini na mtu asiye daktari, penye giza, ndani ya sekunde. Hidroksokobalamini inahitaji mshipa uliopatikana, mililita 200 za maji ya dripu na dakika 15 kwa kila mgonjwa. Wakianguka watu 12 kwa mpigo, utaanza na yupi? Katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, Marekani, kundi la Gerry Boss limeshughulika miaka mingi na kobinamidi, ambayo ni kama B12 iliyopunguzwa sehemu ya muundo wake. Inashika molekuli mbili za sayanaidi badala ya moja, inayeyuka vizuri zaidi, na kwa wanyama imefanya kazi ikichomwa msulini. Watafiti wa Minnesota, hukohuko Marekani, walikuja na salfanejeni, inayopitia kimeng'enya kingine cha kutoa salfa, ambacho kimeenea mwilini kuliko rodanesi. Wale wa Texas wanafuatilia dimethili traisalfaidi, kimiminika chenye salfa ambacho hupatikana kidogo katika vitunguu, na harufu yake haifichiki.

Fedha nyingi za utafiti huo zilitoka katika mfuko wa serikali ya Marekani uliowekwa kwa hofu ya shambulio la kemikali. Siwalaumu, kila nchi hutibu hofu yake. Lakini tuseme ukweli tukiwa peke yetu: hofu hiyo si yetu. Sayanaidi yetu haiji kwa gaidi. Inakuja kwa magunia na mapipa kwenye mitambo ya kuchenjua, na inakuja kwa unga wa muhogo.

Nianze na muhogo, kwa sababu hapo mwili wenyewe unatufundisha habari ya viuasumu. Muhogo mchungu una linamarini, ambayo mzizi ukikwanguliwa au kusagwa huachia sayanaidi. Bibi zetu waliroweka, wakavundika, wakaanika, na gesi ikaondoka. Kiasi kidogo kinachobaki, mwili unakimudu kwa rodanesi ileile niliyowaeleza, mradi chakula kinaleta salfa, yaani dagaa, mayai, maharage. Sasa ukame ukiingia, dagaa hakuna na njaa inafupisha siku za kuroweka. Sayanaidi inaongezeka na salfa inapungua kwa pamoja. Ndivyo konzo inavyozaliwa, ule ugonjwa unaokakamaza miguu ghafla na usiorudi nyuma. Nampula, Msumbiji, mwaka 1981 uliwapata zaidi ya watu 1,000. Tarime, hapa hapa kwetu, ulionekana mwaka 1985. Hakuna sindano inayoirudisha miguu hiyo, kwa sababu neva zimekwisha kuumia.

Na upo ule wa ghafla. Septemba 2017, wilayani Kasese, Uganda, watu waliohudhuria maziko walikula ugali wa muhogo na kuanza kutapika. Uchunguzi ulikuta wagonjwa 98, wawili wakiwa wamefariki, na unga uliopimwa ulikuwa na wastani wa sehemu 88 za sayanaidi kwa milioni ilhali kiwango salama ni 10. Kwa janga kama hilo, kiuasumu cha bei nafuu kuliko vyote kilibuniwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, nacho si dawa. Unga unachanganywa na maji, unatandazwa kwa unene usiozidi sentimita moja, unaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, gesi inatoka, na unga unapikwa siku hiyohiyo. Akina mama wa Popokabaka, nchini Kongo, waliitumia njia hiyo kuanzia mwaka 2010, na kesi mpya za konzo zikakoma katika kijiji walichoanzia. Ningependa kila muuguzi aliyeko hapa aijue kama anavyojua kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha.

Sasa mitambo. Ndugu wasimamizi, mnajua kuliko mimi kwamba chokaa mnayoweka kwenye hodhi ndiyo inayoizuia sayanaidi isigeuke gesi, na kwamba asidi ikiingia humo kwa bahati mbaya mtu anaweza kuanguka kabla hajapiga kelele. Nitriti ya sodiamu na thiosalfeti ya sodiamu zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Basi nawauliza: je, katika kituo cha afya kilicho karibu na mtambo wako, zimo? Tarehe ya mwisho ya matumizi ni lini? Mtungi wa oksijeni una gesi? Ufunguo wa kabati uko kwa nani zamu ya usiku? Nimewahi kusikia jibu kwamba ufunguo uko kwa bosi, na bosi yuko Mwanza.

Hidroksokobalamini ni ghali, na sitadanganya kwamba kila zahanati itainunua. Thiosalfeti ni rahisi zaidi, haiharibu hemoglobini, na ingawa inafanya kazi polepole, daktari anaweza kuitoa hata akiwa na shaka. Pendekezo langu ni kwamba hospitali za wilaya zenye uchenjuaji ziweke hidroksokobalamini chache, vituo vya karibu viweke thiosalfeti, na mtambo wenyewe uwe na oksijeni na mfuko wa kupumulishia. Anayeokoa asiingie bila kifaa cha kupumulia, na asimpumulishe mgonjwa mdomo kwa mdomo, kwa maana sumu itampata naye.

Nimeletewa karatasi hapa yenye swali: je, maziwa husaidia? Ninashukuru aliyeuliza, kwa sababu hilo ndilo jambo la kwanza linalofanyika katika nyumba nyingi. Hapana, hayasaidii. Maziwa hayaishiki sayanaidi, na mtu aliyezimia nusu akinyweshwa, yanaweza kuingia mapafuni. Mtoeni kwenye gesi, mvueni nguo zilizolowa, muosheni kwa maji mengi, mpeni oksijeni, na aliyebaki apige simu hospitali aseme neno sayanaidi waziwazi, ili dawa itolewe kabatini kabla gari halijafika.

Nipo tayari kwa swali la pili.